Nilijua Pampu Imekufa, Nikaendelea Kununa

Nimekosa. Naanzia hapo kwa sababu nikianza na maelezo nitajitetea, na mimi nikianza kujitetea hakuna anayenishinda. Mdomo ninao. Waulize majirani zangu hapa Section 58, Nakuru, watakwambia.

Jina langu sitaandika. Mtoto wangu nitamwita Shiro, ingawa si jina lake, kwa hiyo mimi ni Mama Shiro na mume wangu ni Baba Shiro. Marehemu Baba Shiro. Woi! Bado mkono unakataa kuliandika hilo neno.

Mume wangu alikuwa kapteni wa boti pale Naivasha, kazi yake kupeleka wageni kuangalia viboko na ndege. Boti ilikuwa yetu wenyewe, ya faiba, kuukuu, na chini ilikuwa na ufa. Huo ufa ulizibwa, ukafunguka, ukazibwa tena, mpaka tukauzoea. Mimi nilikaa Nakuru na watoto kwa sababu ya shule na kibanda changu cha viatu vya mitumba. Yeye alilala Naivasha wiki nzima, akija nyumbani Jumatatu, siku ambayo wageni huwa wachache.

Aliyetuambia tuweke sensa ni shemeji yangu Muturi, mdogo wake Baba Shiro, ambaye anatengeneza injini Gilgil. Ni kiboksi tu kidogo chenye laini ya simu ndani. Kinapima joto la injini, nguvu ya betri, maji yaliyoingia chini ya sakafu, na kinaonyesha boti iko wapi. Yote yanaingia kwenye intaneti, wewe unafungua simu unaona, hata ukiwa mbali namna gani. Maji yakipita alama, pampu inajiwasha yenyewe na simu inapiga kelele ya kuamsha mtaa.

Siku fundi alipokuja kukifunga, Baba Shiro hakuwepo. Kapteni mwenzake alikuwa mgonjwa, na yeye alikuwa amekwenda kumshikia boti yake. Kwa hiyo ni mimi niliyesimama pale ufukweni na fundi, nimevaa gambuti, najifanya naelewa waya.

"Mathe, angalia hapa," fundi akaniambia. "Hii boksi na pampu zinakula moto wa betri kwa waya moja. Mtu akichomoa boksi, pampu haitajiwasha tena. Itabidi abonyeze swichi iko hapa chini ya kiti. Umwambie mzee."

"Sawa, nitamwambia," nikasema.

Sikumwambia. Jioni tulikula samaki, tukacheka, tukajaribu hiyo kitu kwa kumwaga ndoo ya maji ndani ya boti. Pampu ikanguruma, simu ikalia, Baba Shiro akapiga makofi kama mtoto. Mambo ya waya yakanitoka kichwani. Na kwani nani angechomoa kitu tulichokitafuta kwa shida vile? Yeye akajua jambo moja tu, kwamba pampu inajiwasha.

Mwanzoni ilikuwa raha, jameni! Niko kibandani napanga viatu, nafungua simu, naona boti yangu inatembea kwenye ramani. Nampigia: "Baba Shiro, betri iko chini, rudi uchaji." Anacheka: "Sawa bosi wa ziwa." Muturi naye tulimpa nywila, awe anaangalia injini akiwa huko Gilgil. Tuliona tumeendelea sana.

Halafu ziwa likapanda. Mnajua vile lilipanda. Likala barabara, likala vibanda vya samaki, likaingia kwa nyumba za watu mpaka dirishani. Wengi walihama na magodoro kichwani.

Ni wakati huo nilipoanza kuona jambo kwenye simu. Kila jioni, wageni wakiisha, boti yangu haiendi kulala. Inakata kona, inaenda moja kwa moja kwenye zile nyumba zilizoingiliwa na maji, na inasimama huko. Mgeni gani anaenda kuangalia kiboko kwenye nyumba za kupanga?

Tena sikuona mahali tu. Niliona mpaka joto la injini likishuka. Mtu anayeshusha mzigo haraka haraka injini yake haipoi. Ile ilikuwa inapoa kabisa. Nikajiambia, huyu ameshuka, amevua viatu, amepewa chai.

Nikampigia. "Leo jioni ulikuwa wapi?"

"Kazini."

"Kazini wapi?"

"Ziwani, Mama Shiro. Kwani boti huenda msituni?" Akacheka.

Alinidanganya, na nilijua ananidanganya, kwa sababu niko na ramani mkononi. Haki ya Mungu, damu ilinichemka! Ningeweza kungoja Jumatatu nimuulize macho kwa macho. Ningeweza kupanda gari nikaenda kuona. Mimi nilipiga picha skrini ya simu, jioni baada ya jioni, nikazipanga, nikazitupa kwenye grupu ya familia yao. Nikaandika chini: "Muulizeni ndugu yenu hapa ni kwa nani."

Wacha wee! Shangazi zake wakaamka. "Haiya!" "Ngai!" "Na vile amejifanya mtu wa kanisa!" Nilikaa kitandani nikisoma, nikiona kila mtu yuko upande wangu. Mmoja wao akazituma mbele, na kabla ya Ijumaa makapteni wote wa Naivasha walikuwa nazo. Wakaanza kumwita "mzee wa chai ya jioni." Akipita na wageni, wanampigia miluzi.

Familia ikaitisha kikao Gilgil, kwa ami yake mkubwa. Baba Shiro alikuja na nguo za kazi. Wakamuuliza pale ramani inaonyesha ni kwa nani. Akasema, "Nitamwambia mke wangu tukiwa wawili."

Hapo ndipo nilisimama. Mimi huyu! "Wawili ya nini? Sema hapa, mbele ya watu! Boti imeshasema, umebaki wewe."

Watu wakacheka. Aliniangalia mara moja tu, akachukua kofia yake, akatoka. Chai yake iliachwa mezani, haijaguswa.

Kesho yake, nikiwa kibandani, nilifungua simu nikakuta boti imegeuka rangi ya kijivu. Hakuna maji, hakuna betri, hakuna joto, hakuna mahali. Halafu ujumbe wake ukaingia: "Hiyo kitu nimeing'oa. Mimi si ng'ombe wa kuchungwa."

Sasa nisikilizeni vizuri. Mpaka hapa ni wivu na mdomo, na hivyo viwili wengi wenu mnavyo. Kosa langu lenyewe, lile linaloninyima usingizi, linaanzia hapa.

Nilikumbuka ile waya. Nilikumbuka pale pale, hata kabla sijamaliza kuusoma ujumbe wake. Nilimwona yule fundi ameinama chini ya kiti, nikamsikia akisema umwambie mzee. Nilijua mume wangu yuko kwenye boti yenye ufa, anangoja pampu ambayo haitajiwasha.

Niliandika: "Ukiitoa hiyo pampu haifanyi kazi, bonyeza swichi ya chini ya kiti." Maneno yote hayo niliyaandika. Halafu nikayafuta.

Kwa nini? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Niliona akisoma atasema namtafuta, nambembeleza arudishe kiboksi nipate kumwangalia. Niliona nitakuwa nimeshindwa. Na kuna jambo lingine baya zaidi, lakini nimesema nitasema ukweli. Nilitaka maji yamwingie kidogo. Yafike kwenye viatu, ashtuke, anipigie akiniuliza ile kitu ilikuwa inafungwaje. Nilitaka anihitaji.

Muturi alinipigia. "Shem, mbona siioni boti? Ni network ama?"

"Muulize ndugu yako," nikamjibu, nikakata. Muturi ni fundi. Ningemwambia neno moja tu, angeenda Naivasha siku hiyo hiyo na kipande cha waya.

Siku nyingine Shiro alikuwa anaongea na baba yake kwa simu, amelala kifudifudi kwenye kochi. "Mama, unataka kuongea na baba?" Nikatikisa kichwa. Akasikiliza kidogo, akaniambia, "Baba anasema atakuja Jumatatu muongee vizuri. Anasema usikasirike."

Nilikuwa nakatakata sukuma wiki. Niliendelea kukatakata. Jamani, simu ilikuwa hapo, karibu hivi!

Hiyo Jumatatu hakuifikia.

Ilikuwa Jumamosi mchana, ule upepo wa Naivasha wa baada ya chakula, na mvua nyuma yake. Mimi huku Nakuru nilikuwa nafunika viatu na karatasi ya nailoni. Muturi akapiga.

"Shem, uko wapi? Tafuta mahali ukae."

Sitasahau nilichomjibu. Nitakufa nacho. Nilimwambia, "Nini, amefumaniwa?"

Nikasikia analia, mwanaume mzima, analia kwenye simu bila kuficha. Mimi badala ya kuuliza nilikata, nikampigia Baba Shiro. Nikapiga, nikapiga. Simu yake ilikuwa ndani ya maji.

Hospitalini Naivasha sikumwona mwanamke niliyekuwa nimemchora kichwani, yule wa kucha na wigi. Nilimkuta mama mzee kwenye benchi, amefunikwa blanketi, miguu imejaa tope, ameshika mfuko mtupu. Nilimjua. Ni mama mkubwa wa mume wangu, mke wa kwanza wa baba yake.

Hapa lazima niwaeleze. Baba mkwe alipokufa, familia ilimfukuza huyu mama shambani, kwamba hakuzaa mwana wa kiume. Aliondoka na kuku wake, akapanga chumba kule karibu na ziwa. Baba Shiro alitaka kumsaidia. Mimi nilikuwa upande wa mama mkwe, yule mke wa pili aliyemzaa Baba Shiro, na nilimwambia mume wangu kwa mdomo wangu huu: "Ukikanyaga kwa huyo mama, usikanyage kwangu." Kwa hiyo alikanyaga kwa siri. Ziwa lilipopanda, yule mama alikataa kuhama, akabaki kwenye chumba cha juu cha nyumba iliyozama. Kila jioni Baba Shiro alimpelekea unga na maji ya kunywa, akakaa kidogo amwongeleshe. Ndiyo maana injini ilikuwa inapoa. Na ndiyo maana kwenye kikao hakusema kitu, kwa sababu waliomfukuza mama huyo ndio walikuwa wamekaa pale wakimhukumu. Alitaka kuniambia mimi peke yangu.

Jumamosi hiyo maji yalikuwa yamefika kwenye ngazi ya mwisho. Shosho, yaani nyanya, hivyo ndivyo sote tunavyomwita, akakubali kuhama. Baba Shiro akapakia godoro, magunia, masufuria na kuku. Huko katikati upepo ukawashika, boti ikaanza kugonga mawimbi, ufa ukafunguka. Maji yalianza kuingia chini ya godoro, mahali ambapo mtu haoni. Alipoyaona yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu.

Shosho alinieleza pale kwenye benchi, meno yakigongana. "Nilimwambia, mwanangu, maji! Akaniambia, usijali mama, pampu itajiwasha yenyewe. Tukangoja. Akasema tena, ngoja, sasa hivi itajiwasha."

Ngoja, sasa hivi itajiwasha. Ngai wangu! Na swichi ilikuwa chini ya kiti alichokuwa amekalia.

Alimvalisha Shosho jaketi la kuelea. Yeye hakuvaa, hawa makapteni wetu huwa hawavai, wanaona ni la wageni. Boti ilipolala ubavu alimsukuma Shosho mpaka kwenye magugu ya maji, yale mazito yanayobeba hata ndege mkubwa, akamwambia ashike. Wavuvi walipofika walimkuta mama bado ameshika. Yeye miguu yake ilikuwa imenaswa na mizizi ya yale magugu, chini. Walimtoa Jumapili.

Tulizika. Sitaandika kuhusu mazishi.

Baada ya mazishi hakuna aliyeuliza Shosho analala wapi. Nikamchukua, nikamleta kwangu Section 58, nikampa kitanda cha Shiro. Watu walinisifu! Kanisani nilisimamishwa. Mchungaji akasema mwaona upendo, mjane anamtunza mama wa kambo wa mumewe. Nilisimama pale na leso usoni, nikashangiliwa.

Na Shosho mwenyewe, kila asubuhi nikimpa uji, alikuwa ananishika mkono. "Wewe ni mtu mwema. Ni mimi nilimuua. Ningehama na wengine, saa hizi mwanangu yuko. Ni ukaidi wangu na kuku wangu."

Namwambia, "Usiseme hivyo, Shosho." Basi, hapo ninaishia. Mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, nilimwacha mama mzee abebe maiti yangu mgongoni, na mimi namkorogea uji.

Ningeendelea hivyo, najijua. Kilichonikamata ni simu.

Muturi alikuwa ameivuta boti mpaka kwake Gilgil, akaiweka uani. Alitaka kuijaribu injini, akaunganisha betri, na kile kiboksi, ambacho kilikuwa kimebaki kwenye chumba cha marehemu Naivasha, akakirudisha mahali pake. Hakuniambia, na kwa nini aniambie? Alasiri moja tumekaa na Shosho tukichambua maharagwe, mvua inanyesha Bonde lote la Ufa, mara simu yangu ikapiga ile kelele. Ile ile! Niliruka, maharagwe yakamwagika sakafuni. Kwenye skrini ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu: maji ndani ya boti.

Mikono yangu ilibonyeza namba yake yenyewe. Baba Shiro. Nikaweka simu sikioni, nikangoja ashike.

"Ni nini hiyo inalia?" Shosho akauliza.

Ningesema ni mambo ya stima. Ningesema chochote. Lakini ile kelele ilikuwa haikomi, na huko Gilgil najua pampu ilikuwa imejiwasha, inatoa maji ya mvua kwenye boti isiyo na mtu. Nikakaa chini sakafuni katikati ya maharagwe, nikamwambia yote. Fundi, waya, swichi, ujumbe niliouandika nikaufuta.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Heri angenipiga na ungo.

"Ulijua?"

"Nilijua, Shosho."

"Na simu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

Akaweka chini maharagwe aliyokuwa ameshika. Akafunga kitambaa chake kichwani, polepole, akaenda akatoa mfuko wake chini ya kitanda.

"Nirudishe kwangu," akasema.

"Shosho, kwako kuna maji."

"Nirudishe huko huko."

Hakurudi huko, Muturi alikuja akamchukua. Sasa anakaa kwa mama mmoja wa kanisa lao huko Kariandusi. Nikituma unga unarudishwa. Muturi nilimwambia mwenyewe, mlangoni, kabla hajawasha gari. Hajanipigia tena. Shiro ananiuliza kila siku Shosho alikasirishwa na nani. Nitamwambia, kwa sababu asipojua kutoka kwangu ataambiwa na hiyo grupu, na mimi ndiye niliyewafundisha kusambaza mambo.

Wenzangu, sisemi msiweke hivyo vidude. Wekeni. Vingeokoa mume wangu. Lakini vimewekwa viangalie maji, visiangalie mwanaume, na kilicho chenu kisiende kwa shangazi kabla hakijamfikia mwenyewe.

Na wewe unayesoma hii ukiwa umenuna, mmelala mmegeuziana migongo, hamsemezani, na kuna kitu unajua ambacho mwenzako hajui. Breki zimelegea. Gesi inavuja. Pampu haifanyi kazi. Mpigie, umwambie hicho kitu kimoja, ukate, uendelee kununa mwaka mzima ukitaka. Lakini mpigie leo, akiwa bado anashika simu.